Tulivyofanya Baiskeli Mbili Kuwa Moja

Nilikuwa mchanjaji wa watoto katika vijiji vya barabara ya Bafwasende, na mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mwanamume wa Maniema. Nilimzidi umri kidogo, basi akaniita yaya, kama watu wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa. Mimi ni mtu wa mto. Baba yangu alitega nyavu Yanonge, mama yangu alikausha samaki, nami nilikuja Kisangani kusomea uuguzi nikabaki, nikapanga chumba Mangobo karibu na soko. Yeye alikuwa Mwislamu, mtoto wa muuza vitambaa, aliyefika mjini kwa mtumbwi hadi Ubundu na kwa treni kutoka hapo. Nilipokutana naye alikuwa na viatu vizuri na hakuwa na mwavuli, na ilikuwa inanyesha.

Mradi wa wageni uliotuajiri ulitupa baiskeli mbili. Zilikuja kwa ndege, tukaenda kuzipokea uwanja wa ndege wa Bangboka zikiwa ndani ya maboksi. Mjini tulizoea baiskeli nyeusi za Kichina, ndefu, nzito, zenye breki za fimbo za chuma. Hizi zilikuwa za aina nyingine. Mgeni aliyezifungua alisema ni baiskeli za milimani. Matairi yalikuwa mapana yenye meno, gia zilikuwa nyingi kuliko tulivyoweza kuzikumbuka, na uma wa mbele ulikuwa na springi, ukiukandamiza unashuka na kupanda kama mtu anayepumua. Nyuma hapakuwa na springi, ni chuma kitupu. Mwenzangu alicheka, akasema Kisangani hatuna mlima, tuna matope tu. Mgeni hakuelewa, naye akacheka.

Mimi sikujua kuendesha. Alinifundisha kwenye uwanja wa shule, jioni jioni baada ya kazi, akikimbia nyuma yangu huku ameshika kiti. Wanawake wa Mangobo walisimama kuniangalia. Mmoja aliuliza kama mume wangu ameniruhusu, nami nikajibu kwamba sina mume, jambo lililowachekesha. Baada ya majuma machache niliweza kwenda hadi Bangboka na kurudi, sanduku la barafu lenye chanjo likiwa mgongoni.

Sanduku hilo ndilo lililotufanya tuanze kuzibadilisha zile baiskeli. Lilikuwa zito na maji ya barafu yalinivujia mgongoni. Tukifika kijijini mabega yangu yalikuwa yamekufa ganzi, na mikono iliyopaswa kushika sindano ilikuwa inatetemeka. Nilisema tutengeneze keria. Yeye alitaka taa kwanza, ile inayowashwa na gurudumu linapozunguka, kwa sababu mara nyingi giza lilitukuta njiani. Tulibishana siku nzima, tukiwa juu ya baiskeli, kila mmoja akipiga kelele ili mwenzake amsikie. Mwishoni alikubali keria, ila akanunua taa pia, na taa yake ikafa katika mvua ya kwanza. Hakuitaja tena.

Fundi wa kuchomelea wa Mangobo alitutengenezea keria kwa nondo za ujenzi. Ya kwanza ilikuwa fupi na ilikaa juu sana. Ilitikisika mpaka skrubu zikalegea, na siku moja sanduku langu likaanguka barabarani, kifuniko kikafunguka, chupa zikavunjika juu ya mawe. Kijiji kilikuwa karibu, kina mama walikuwa wamekaa na watoto wao tangu asubuhi. Ilibidi niende kuwaambia warudi nyumbani. Hakuna aliyenigombeza. Mwanamke mmoja alinipa ndizi choma nile kwa sababu, alisema, uso wangu ulikuwa umebadilika rangi. Keria ya pili tuliichora wenyewe mchangani kabla ya fundi kuwasha moto wake: ndefu, ya chini, yenye pembe za kufungia kamba pande zote. Hiyo haikuanguka kamwe.

Baadaye wageni waliondoka. Ni mwaka ule askari walipopora maduka mjini, na ndege ziliwachukua wazungu kwa siku chache tu. Mradi ukafa. Mishahara ya serikali nayo ilikuwa haifiki, au ikifika haikununua kitu. Tuliendelea na kazi kwa sababu chanjo ziliendelea kuja kidogo kidogo, na vijijini walitupa mchele, mafuta ya mawese, mara kuku. Lakini baiskeli zilianza kuchakaa, na hakuna duka mjini lililokuwa na vipuri vyake.

Zilizokufa kwanza ni springi. Matope yaliingia ndani ya uma, mafuta yakavuja, na uma wangu ukashuka usipande tena. Nilisikitika, kwa maana nilikuwa nikiupenda. Mwenzangu aliuangalia kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba hata ulipokuwa mzima haukutusaidia sana.

"Yaya, hii springi iko inakula nguvu yako ya bure," alisema. "Ukikanyaga, nusu inaenda chini. Haiende mbele."

Tulitoa uma wa baiskeli ya Kichina iliyokwisha, tukamwomba fundi aupanue ili tairi pana lipite. Mikono iliumia zaidi kwenye mawe, ni kweli, lakini baiskeli ikawa nyepesi kupanda, na tope halikuwa na mahali pa kuingia. Tukajifunza hivyo, kitu kimoja baada ya kingine. Tuligundua kwamba gia nyingi hazina faida pale ambapo mnyororo umejaa udongo. Kwamba breki ndizo za kuhangaikia, kwa kuwa kwenye miteremko inayoshuka hadi mitoni mzigo unakusukuma kwa nyuma. Kwamba raba za breki zinaweza kuchongwa kutoka tairi la lori, ila zikilowa zinalia kama mbuzi. Tuligundua kwamba spoki nene ni bora kuliko rangi nzuri. Yeye alidhani kiti kikubwa chenye manyoya kingemfaa. Alikitumia majuma mawili, kikanywa mvua yote ya Tshopo, akakitupa. Mimi kiti changu kilipasuka nikakishona kwa uzi wa nyavu za baba, naye akanionea wivu.

Katika miezi hiyo aliacha kuniita yaya. Sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka tu kwamba tulikuwa tumekaa chini ya paa la bohari ya dawa, tukisubiri mvua ipite, tukila lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa chumvi kutoka sahani moja, aliponiambia jambo fulani kuhusu mnyororo na akaniita kwa jina langu. Nilijifanya sikusikia tofauti. Aliona kwamba nimesikia.

Tulikwenda pamoja Yanonge kwa mtumbwi ili awaone wazazi wangu. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya dini. Baba alimpokea vizuri, akamwuliza habari za Maniema na za mto wa huko juu, kabla ya maporomoko. Samaki wa siku ile aliwachagua mwenyewe. Alipoombwa neno lake juu ya ndoa hakukataa. Alisema mama ndiye aseme. Mama naye alisema kijana ni mzuri, lakini tusubiri kidogo, watu wa ukoo wazoee kwanza. Tulirudi Kisangani tukiwa na furaha, kwa kuwa hatukusikia neno "hapana" popote.

Wakati huohuo kituo kimoja cha afya huko Bafwasende kilitafuta mchanjaji. Wachimba dhahabu walikuwa wakiingia msituni kutoka kila upande, na surua ilikuwa imeingia pamoja nao. Kituo kilikuwa na friji ya mafuta ya taa iliyofanya kazi na kilikuwa na uwezo wa kumlisha mtu mmoja, mmoja tu. Tulikubaliana atangulie yeye. Mimi ningemfuata kiangazi kikianza, nafasi ya muuguzi ikipatikana, na mama yangu akiwa ameshasema neno lake.

Wakati huo baiskeli zetu zote mbili zilikuwa nusu mfu. Ya kwake ilikuwa na fremu nzima lakini gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Ya kwangu ilikuwa na magurudumu mazuri, ila fremu ilikuwa na ufa karibu na kiti. Njia ya vijiji vya Bafwasende haikuwa ya kubahatisha. Tulizilaza mbili hizo chini, mbele ya bohari, tukaanza kuchagua.

Tulichukua fremu yake. Tulichukua magurudumu yangu yote mawili, breki zangu, mnyororo wangu uliokuwa mpya zaidi, na keria ya pili. Gia za mbele tulibakiza moja tu. Alipofika kwenye kiti alisita, akasema cha kwangu nibaki nacho, yeye atatafuta kingine. Nilikichomoa mwenyewe nikampa. Nilikuwa na furaha siku ile, hilo nalikumbuka vizuri. Nilikuwa nafunga skrubu nikidhani najenga nyumba. Tulipomaliza aliijaribu, akazunguka bohari, akarudi, akasema hakuna mtu kuanzia hapa hadi Bunia aliyekuwa na baiskeli kama ile. Niliamini, na bado naamini.

Aliondoka juu ya lori la chumvi na bia, baiskeli ikiwa imefungwa kwa kamba ubavuni. Mabaki ya ile nyingine niliyaweka chini ya kitanda changu Mangobo.

Mwanzoni habari zilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori hilo. Alinipitia sokoni kila aliporudi. Alisema mwenzangu ni mzima, kwamba surua inapungua, kwamba wachimbaji wanamwita daktari, kwamba ananiuliza nitakuja lini. Nilimjibu kupitia kwake kwamba kiangazi kimekaribia. Nilianza kukusanya vyombo.

Kabla ya kiangazi mama alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa na maneno yakampotea. Kaka zangu walikuwa na wake zao, lakini mama hakukubali mtu mwingine amwoshe. Alikuwa akimsukuma yeyote kwa ule mkono uliobaki, mpaka niletwe mimi. Nilikwenda Yanonge kwa juma moja nikakaa misimu miwili ya mvua. Nilimwachia jirani yangu wa Mangobo ujumbe wa kumpa dereva: mama anaumwa, naomba anisubiri. Jirani aliahidi, na sina sababu ya kudhani hakuufikisha. Ila majibu hayakuwa na njia ya kunifikia. Yaliishia Mangobo. Watu wa mtumbwi walibeba samaki na kwanga, mikate ya muhogo. Habari za malori ya Bafwasende hawakuzijua.

Mama alikufa bila kurudiwa na maneno. Neno tulilolingoja kwake sikulipata. Siku moja, nikimlisha, nilimtajia jina la mwenzangu nikamwuliza kama anakubali. Aliushika mkono wangu akaubana. Nilipenda kudhani ni jibu, lakini alikuwa akiubana vivyo hivyo kila nilipompa maji.

Baada ya maombolezo nilirudi Kisangani. Jirani alikuwa amehamia kwa mwanawe, ng'ambo ya mto. Nikamtafuta dereva, akasema anaondoka kesho yake, akanipa nafasi mbele. Alinitazama kana kwamba ana jambo, kisha akazungumza juu ya hali ya barabara. Nilidhani ni heshima kwa ajili ya msiba, kwa kuwa nilikuwa nimenyoa nywele.

Tulifika Bafwasende mchana, siku ya soko. Niliuliza nyumba ya mchanjaji nikaelekezwa nyuma ya kituo. Uani palikuwa na mwanamke mdogo akitwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni. Baiskeli iliegemea ukuta chini ya paa. Nilikijua kiti kabla sijajua kitu kingine, kile nilichokishona kwa uzi wa nyavu. Mwanamke aliacha kutwanga, akapangusa mikono, akanikaribisha, akanipa kigoda na maji. Hakuuliza mimi ni nani. Alimtuma mtu kituoni, akaendelea kutwanga, sasa polepole.

Mwenzangu alipofika alisimama mlangoni mwa ua. Alikuwa amekonda na ameanza kufuga ndevu. Aliangalia kichwa changu kilichonyolewa, akaelewa habari ya mama kabla sijaisema.

"Yaya," alisema.

Neno hilo lilinieleza yote. Nilijibu salamu. Tulikaa. Mke wake alituwekea chakula akajitenga na mtoto, nasi tukazungumza kama watu wa kazi moja. Alisema alituma ujumbe mara nyingi. Dereva alirudi kila mara akisema nimekwenda mtoni. Kisha mtu mmoja aliyepita Yanonge alimwambia ameniona na mtoto mgongoni. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, nilimwambia. Aliinamisha kichwa.

"Sikuamini yote," alisema. "Lakini nilichoka kungoja, na hapa mutu peke yake haishi."

Sikuwa na la kumlaumu. Yeye alingoja, mimi nilikuwa naosha mgonjwa, na kati yetu kulikuwa na mto mmoja na barabara moja, vyote viwili vibaya. Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache. Alilia kidogo, naye akasema analilia mama yangu. Nilimwacha aseme hivyo.

Asubuhi alinionyesha baiskeli. Nadhani ndiyo mazungumzo pekee tuliyoweza kuyafanya bila kuumizana. Alikuwa ameondoa gia zote, amebakiza moja ya nyuma tu, kwa sababu mnyororo ulioenda moja kwa moja haukukatika. Alikuwa amekata bati kutoka dumu la mafuta akalifunga juu ya tairi kuzuia matope. Spoki alikuwa amezibadilisha moja moja. Alinieleza kila badiliko na sababu yake, nami niliuliza maswali, na mara mbili nilimbishia kama zamani. Kisha akanisihi niipande. Nilikwenda hadi ukingo wa mto Lindi na kurudi. Ilikwenda kimya, haikuyumba, breki zilishika penye mteremko. Sijawahi kupanda baiskeli nzuri kama ile. Penye ukingo nilisimama nikaangalia maji mpaka uso wangu uliponyooka, ndipo nikageuza.

Aliniambia niichukue. Alisema zaidi ya nusu yake ni yangu, na kwamba lori lina nafasi. Nilimwuliza vijiji vyake ataviendea na nini. Akasema atatembea. Niliiegemeza ukutani mahali pake. Mke wake, aliyekuwa amesikiliza kutoka jikoni, alitoka akaniambia, "Yaya, ukae siku moja tena, upumzike." Alisema kwa moyo mweupe. Nilidanganya kwamba kazi inaningoja. Hilo nalijuta mpaka leo, kwa sababu yule mwanamke hakunikosea kitu, na alikuwa ameanza kunichemshia maji ya kuoga.

Lori lilirudi na mchele na mafuta. Lilizama kwenye tope kabla ya nusu ya njia, tukalala msituni tukingoja lingine lituvute. Dereva aliniomba radhi kwamba hakuniambia tulipoondoka. Alisema mara kadhaa alipokea ujumbe wangu na wa mwenzangu akaufikisha ulivyo, lakini habari ya ndoa ilimshinda kuibeba. Nilimwambia si kazi ya dereva.

Nilipokwenda Yanonge nilimweleza baba. Aliweka chini nyavu zilizokuwa magotini. Kisha akasema siku ile kijana alipokuja angeweza kusema ndiyo yeye mwenyewe, lakini alimsukumia mama kwa kuwa aliogopa maneno ya ukoo. Sikujua kwamba naye alikuwa akilibeba jambo hilo. Nilimwambia yamepita. Wote wawili tulijua kwamba hayajapita.

Mabaki ya chini ya kitanda nilimpa fundi wa kuchomelea, akatengeneza toroli la kubebea maji. Niliendelea na chanjo kwa miguu, kisha nikahamia wodi ya uzazi. Baadaye niliolewa na mtumishi wa reli aliyefiwa na mke, mtu mpole, tukapata watoto. Vita ilipokuja na nchi ikabadili jina, barabara ya Bafwasende ilifungwa kwa miaka. Ilipofunguliwa niliwauliza madereva, vijana ambao sikuwajua. Walisema kituo kile kilichomwa na watu wake walitawanyika, wengine waliingia msituni, wengine walielekea kusini. Mmoja alidhani amesikia juu ya mchanjaji aliyerudi Maniema na familia yake, lakini hakuwa na hakika, na nilipomwuliza zaidi alianza kuniambia yale aliyoona kwamba nataka kuyasikia. Nilimshukuru nikamwacha aende.